Picha za familia zisiishie kwenye simu: Namna ya kuzitunza, kuziokoa na kuzisafisha

MSIBA unapotokea katika nyumba ya Mji Mpya, Kihonda au Mazimbu mjini Morogoro, moja ya kazi za kwanza wanazopewa vijana wa familia, baada ya kufunga turubai na kuazima viti, ni kutafuta picha ya marehemu. Katika misiba mingi ya mjini picha hiyo huwekwa kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, hutangulia jeneza, na baadaye huning'inizwa sebuleni kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Marehemu alipigwa picha nyingi enzi za uhai wake, lakini simu yake ina nywila ambayo hakuna anayeijua. Kamera iliyotumika kwenye harusi ya mwanawe mwaka 2008 ilikwishauzwa, na CD aliyopewa na mpiga picha haisomeki tena. Kinachopatikana ni picha moja iliyopita katika makundi matatu ya WhatsApp, ambayo ikikuzwa sura ya mtu inageuka kuwa miraba miraba.

Zamani, mtu aliyepeleka mkanda studio alirudi na vitu viwili ndani ya bahasha: picha zenyewe na vipande vya negativu. Picha ikichanika, negativu ilikuwepo. Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani mwaka 1975, iliondoa haja ya mkanda, na hatimaye biashara ya mikanda ikaporomoka kiasi kwamba Kodak yenyewe iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Pamoja na mkanda, iliondoka pia ile nakala ya pili ambayo familia ilikuwa ikiipata bila kuiomba. Sasa nakala ya pili haipo mpaka mtu aitengeneze.

Kazi hiyo haihitaji utaalamu mkubwa wala fedha nyingi. Inahitaji utaratibu, na kwa mkazi wa Morogoro inahitaji pia kuielewa hali ya hewa ya mahali anapoishi.

Unyevu wa Uluguru

Mji wa Morogoro uko kiasi cha kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, chini ya Milima ya Uluguru ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu ndiyo inayokutana kwanza na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi. Unyevu huo ndio unaolisha Mto Ruvu na kuwanywesha wakazi wa Dar es Salaam, lakini kwa kamera, karatasi za picha na albamu ni adui.

Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi na kusahauliwa kabatini kipindi chote cha masika. Huanza kama utando mwembamba, kisha hutambaa kama nyuzi za buibui, na ikikomaa hula tabaka la kioo lisiweze kurudishwa. Njia ya kujikinga ni kuiweka kamera ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kamera inayotumika mara kwa mara haioti kuvu kwa urahisi. Ile inayosubiri sherehe ndiyo inayoharibika.

Wanaopanda mlimani wana tatizo lao. Mtu akilala Morningside, ambako Wajerumani walijenga nyumba enzi za utawala wao, au akapanda hadi Bondwa alfajiri, kamera yake hupoa sana. Akiteremka mjini saa saba mchana, hewa ya joto yenye unyevu hukutana na chuma baridi na matone ya maji hujitokeza, nje na ndani. Dawa yake ni kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuteremka, na kuiacha humo kwa saa moja hivi mpaka ipate joto la mji. Matone yatatokea juu ya mfuko badala ya juu ya lenzi. Hali hiyo hiyo humpata anayeshuka Msamvu kutoka kwenye basi lenye kiyoyozi.

Saa mbili asubuhi si 2:00

Kosa linaloleta vurugu kubwa kuliko yote katika kupanga picha hufanyika siku kamera inaponunuliwa. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake maelezo ya tarehe na saa iliyopigwa, na maelezo hayo hayaonekani juu ya picha lakini kompyuta huyasoma. Mtu anayeiwekea kamera 2:00 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi ameiambia mashine kwamba ni saa nane usiku. Kamera inataka saa za kimataifa, yaani 8:00.

Jambo hilo linaonekana dogo mpaka harusi moja ipigwe na watu wawili, mmoja akiwa na saa sahihi na mwingine akiwa nyuma kwa saa sita. Picha zikiunganishwa katika folda moja, maharusi wanakata keki kabla ya kula kiapo. Aidha, kamera nyingi zikikaa bila betri kwa muda mrefu husahau tarehe na kurudi mwanzo wa hesabu yake, ndiyo maana katika kompyuta nyingi kuna ubarikio wa mwaka jana unaodaiwa kufanyika Januari mosi ya mwaka fulani wa zamani. Kuangalia tarehe kabla ya sherehe ni kazi ya nusu dakika.

Picha zikishahamishiwa kwenye kompyuta, jina la folda lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwisho tukio: kwa mfano 2024-12-28 Harusi Mgeta. Kwa mpangilio huo kompyuta yenyewe itazipanga folda kwa kufuata wakati. Anayeanza na siku atakuta sherehe zote za tarehe 28 zimekaa pamoja, hata kama zimepishana miaka kumi. Majina kama “Picha mpya” au “Mpya kabisa 2” yaepukwe. Kila nyumba inayo folda ya aina hiyo na hakuna anayekumbuka kilichomo.

Kuchambua picha kufanyike nyumbani, kwenye kioo kikubwa, siyo kwenye kamera katikati ya shughuli. Wengi wamefuta picha nzuri wakitafuta nafasi huku MC akiita. Ni afadhali kuwa na kadi ya akiba mfukoni.

Nakala tatu

Kanuni inayofuatwa na wapiga picha wengi duniani ni ya nakala tatu: zihifadhiwe katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa familia ya kawaida tafsiri yake ni kwamba nakala moja inakaa kwenye simu au kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje iliyowekwa kabatini, na ya tatu kwa ndugu aliyeko Dodoma au Dar es Salaam, au kwenye hifadhi ya intaneti. Mwizi akiingia atachukua kompyuta na diski kwa pamoja, na maji yakiingia hayachagui kabati. Nakala ya mbali ndiyo inayobaki.

Wakazi wa Kilosa wanalijua hilo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Katika mafuriko ya namna hiyo watu huokoa kwanza watoto, kisha magodoro na nyaraka. Albamu hukumbukwa jioni.

Hifadhi ya intaneti ina masharti yanayobadilika. Hadi Juni 1, 2021, Google Photos ilipokea picha bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa kidogo. Tangu siku hiyo kila mtumiaji ana gigabaiti 15 za bure, nazo ni za pamoja na barua pepe na mafaili yake mengine. Kwa kuwa picha ya megapikseli 12 huchukua wastani wa megabaiti tatu hadi tano, nafasi hiyo inatosha picha elfu tatu hadi elfu tano hivi, mradi barua pepe hazijaijaza. Apple hutoa gigabaiti tano tu. Anayetumia bando dogo aiweke simu ipakie picha inapopata Wi-Fi pekee, la sivyo bando la wiki litakwisha kwa harusi moja.

Flashi na kadi za kumbukumbu ni vyombo vya kusafirishia, siyo vya kuhifadhia. Zinapotea mifukoni, hubeba virusi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na zikikaa miaka mingi bila kuwashwa zinaweza kupoteza kilichomo. CD za sherehe za miaka ya 2000 ziko katika hatari zaidi, kwani tabaka lake la rangi hufifia kwa joto na unyevu, na kompyuta mpya nyingi hazina tena mlango wa kuzisomea. Mwenye CD ya harusi yake azihamishe picha hizo mwezi huu, kwa kuazima kompyuta ya zamani ikibidi.

Jambo la mwisho katika utunzaji ni lile lililotajwa mwanzo: nywila. Google inamruhusu mwenye akaunti kuteua mtu atakayeruhusiwa kuona picha zake iwapo akaunti itakaa kimya kwa muda fulani, na Apple tangu Desemba 2021 ina utaratibu wa kumtaja mrithi wa akaunti. Huduma hizo mbili zinapatikana kwenye mipangilio ya akaunti na hazilipiwi. Asiyetaka taratibu hizo anaweza kuiandika nywila kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha na kuiweka pamoja na hati ya kiwanja.

Picha zinapopotea

Picha iliyofutwa kwenye kadi haiondoki mara moja. Kifaa hufuta tu jina lake kwenye orodha na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi, kama daftari la mahudhurio ambalo jina limekatwa ilhali mwanafunzi bado amekaa darasani. Picha yenyewe hubaki pale mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza baada ya kugundua kosa ni kuacha kupiga picha papo hapo na kuitoa kadi kwenye kamera.

Kadi kubwa ya aina ya SD ina kitelezo kidogo ubavuni. Kikisukumwa upande wa kufunga, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Kadi ndogo ya simu haina kitelezo hicho, ila huweza kuwekwa ndani ya kava lake la SD ambalo linacho. Kadi ikishafungwa ipelekwe kwenye kompyuta yenye programu ya kuokoa mafaili. Programu ya PhotoRec ni ya bure na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Recuva ina toleo la bure na ni nyepesi zaidi kwa asiyezoea, ingawa ni ya Windows peke yake. Picha zinazookolewa lazima ziandikwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile, kwa kuwa kila picha inayorudishwa humo inaweza kuifunika ile ambayo bado haijafikiwa.

PhotoRec huzirudisha picha bila majina yake ya awali, zikiwa na namba ndefu zisizo na maana. Mtumiaji asikate tamaa: tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha, na akizipanga kwa tarehe hiyo atazikuta kwa mfululizo wake. Hapo ndipo aliyeweka saa sahihi anapopata malipo yake.

Kompyuta ikitoa ujumbe kwamba kadi inahitaji kufomatiwa ndipo itumike, jibu ni hapana. Mara nyingi kilichoharibika ni ile orodha tu, na programu zilizotajwa zinaweza kusoma kilicho chini yake. Kadi isipoonekana kabisa, zifutwe sehemu zake za rangi ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, kisha ijaribiwe kwenye kisomea kadi kingine. Visomea kadi vya bei rahisi hufa kabla ya kadi. Na flashi inayoonyesha njia za mkato tupu mahali palipokuwa na folda kwa kawaida imeingiliwa na virusi vilivyozificha, havijazifuta. Ikisafishwa kwa programu ya kupambana na virusi na kompyuta ikiamriwa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, folda hurudi.

Kuna hasara nyingine isiyorudishika, nayo huanzia dukani. Zipo kadi bandia zilizoandikwa gigabaiti 128 ambazo ndani zina nane tu. Zimerekebishwa ziidanganye kamera, nayo huendelea kuandika picha juu ya picha bila kulalamika. Nyumbani majina yote yanaonekana lakini picha hazifunguki. Kabla ya kuitegemea kadi mpya, hasa iliyouzwa kwa bei ya kutupa, mnunuzi aijaze yote kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huandika hadi mwisho na kusoma upya kilichoandikwa. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, lakini ni bora kuujua ukweli Jumanne kuliko Jumamosi ya harusi.

Kwa upande wa simu, mambo ni magumu zaidi. Simu za kisasa huhifadhi data kwa maandishi ya siri na husafisha nafasi iliyoachwa wazi zenyewe, hivyo programu zinazotangaza kwamba zitarudisha kila kilichofutwa kwenye kumbukumbu ya ndani mara nyingi hazina la kufanya zaidi ya kuonyesha matangazo. Mahali pa kutafuta ni kwenye kapu la taka la programu ya picha. Simu za iPhone hutunza kilichofutwa kwa siku 30; Google Photos hutunza kwa siku 60 kama picha ilikuwa imepakiwa kwenye intaneti. Baada ya hapo patafutwe kwa waliotumiwa: dada, shemeji, kikundi cha kwaya, mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Simu iliyotumbukia mtoni au kulowa mvua izimwe mara moja, ifutwe, isimamishwe penye hewa na isichajiwe mpaka ikauke kabisa. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Apple imewatahadharisha wateja wake kwamba punje na vumbi vinaweza kuiharibu. Kadi iliyokuwa ndani yake huwa na bahati kuliko simu. Hata ikiwa imezama kwenye tope, ikisuuzwa kwa maji safi na kukaushwa kwa siku kadhaa kivulini, mara nyingi husomeka.

Inapobidi kumpelekea fundi, kadi au simu isiachwe dukani na picha zote zikiwa wazi pasipo makubaliano. Picha za watu ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua hivyo. Mwenye simu akae pale pale fundi anapofanya kazi.

Kusafisha bila kamera ya mkanda

Wakazi wengi wa Morogoro bado wanaita kazi hii kusafisha picha, ingawa dawa na chumba cha giza vimetoweka katika studio nyingi. Jambo la kwanza ni kujua kama picha ina uwezo wa kukuzwa. Ubora mzuri wa kuchapa ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya albamu, sentimita 10 kwa 15, inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, kiwango ambacho simu yoyote ya sasa inakipita. Ukubwa wa A4 unahitaji 2,480 kwa 3,508, karibu megapikseli tisa.

Sasa ichukuliwe ile picha ya marehemu iliyotoka WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, hupunguzwa hadi pikseli zipatazo 1,600 kwa upande mrefu. Familia inataka ukubwa wa A3, ambao upande wake mrefu ni sentimita 42, yaani inchi 16 na nusu. Zikigawanywa, kila inchi inapata pikseli 97 tu, theluthi moja ya kinachotakiwa. Kwa A4 zinakuwa takriban 137, ambazo kwa picha inayotazamwa kutoka mbali kidogo zinavumilika. Familia iliyo na picha ya aina hiyo pekee ikubali A4 yenye sura ya mtu wao.

Studio nyingine sasa hutoa huduma ya kuikuza picha kwa akili bandia. Matokeo yanapendeza, lakini programu hiyo hairudishi kilichopotea, inabuni: huweka kope, meno na mikunjo ambayo inadhani mtu wa umri huo angekuwa nayo. Wajukuu hawataona tofauti. Mjane ataiona.

Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kutuma picha kama hati badala ya kama picha, kwani WhatsApp haiigusi hati. Chaguo la ubora wa juu lililoongezwa Agosti 2023 linasaidia, ila nalo hupunguza. Picha ya skrini ya ‘status’ ya mtu ndiyo duni kuliko zote.

Umbo nalo huleta malalamiko. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa nne kwa tatu, wakati karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni tatu kwa mbili. Mashine isipoelekezwa hukata juu na chini, na katika picha ya ukoo mzima wanaokatwa vichwa ni wale warefu wa mstari wa nyuma. Mpigaji aache nafasi, au mteja aombe picha ichapwe yote hata kama itabaki na ukingo mweupe.

Suala linalostahili uangalifu zaidi ni rangi ya ngozi. Mashine nyingi huja na marekebisho ya kujiendesha yanayopandisha mwanga wa uso wowote mweusi, na matokeo yake ni bibi aliyepauka kama aliyepakwa majivu. Mteja ana haki ya kuomba marekebisho hayo yazimwe. Kwa upande mwingine, anayechapa nyumbani hulalamika kuwa picha zimetoka nyeusi mno. Kisa ni kioo cha kompyuta kinachong'aa kupita kiasi, hivyo picha iliyo na giza ikaonekana sawa. Mwanga wa kioo ushushwe karibu nusu, kisha ichapwe picha ndogo ya majaribio na kutazamwa nje, kwenye kivuli, kabla ya kupoteza karatasi kubwa. Tatizo huwa kubwa zaidi pale bwana harusi mwenye suti nyeusi na ngozi nyeusi anaposimama kando ya gauni jeupe chini ya jua la saa sita: kamera hulipima gauni na kumfuta bwana harusi. Kuwasogeza chini ya mwembe kunafaa kuliko programu yoyote.

Printa inayofaa nyumbani ni ya wino wa maji, hasa zile za matangi yanayojazwa kwa chupa, kwa kuwa katriji ndogo huisha upesi na bei yake inakaribia ya printa yenyewe. Printa ya leza ni ya barua. Karatasi iwe ya picha, yenye uzito wa gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, na aina yake ichaguliwe kwenye mipangilio. Kompyuta ikidhani ni karatasi ya kawaida, rangi itakosa uzito na wino utachelewa kukauka. Asiyejua upande wa kuchapia aguse kona kwa kidole chenye unyevu: upande unaonata ndio wenyewe.

Unyevu unarudi tena hapa. Karatasi iliyoachwa wazi wakati wa masika hunyonya maji, hujikunja, na printa huvuta mbili kwa pamoja. Iliyobaki irudishwe kwenye mfuko wake na kufungwa. Wakati wa kiangazi shida hugeuka, wino hukauka kwenye matundu. Kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki kunatosha kuyaweka wazi. Picha iliyotoka isiwekwe kwenye fremu siku hiyo hiyo. Ikae saa 24, na ndani ya fremu isigusane na kioo: kipande cha karatasi ngumu pembezoni kinatosha kuitenganisha. Picha iliyonata kwenye kioo isibanduliwe kwa nguvu. Iskaniwe ikiwa humo humo.

Albamu za zamani

Picha za karatasi zilizolowa zina nafasi ya kupona zikishughulikiwa kabla hazijakauka zikiwa zimeshikana. Zile zilizosafishwa kwa dawa huzamishwa kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha hulazwa juu ya kitambaa safi kivulini, sura ikitazama juu, bila kuguswa usoni. Zikiwa nyingi kuliko mikono iliyopo, zinaweza kufungwa kwa karatasi ya nta na kuwekwa kwenye friza zisubiri. Picha za printa ya nyumbani zisizamishwe. Wino wake utaondoka na maji.

Zilizo salama zinakiliwe sasa. Skana ikiwekwa pikseli 600 kwa inchi, picha ndogo ya pasipoti hutoa nakala inayoweza kukuzwa maradufu. Asiye na skana aiweke picha mezani karibu na dirisha, bila flashi, na kuipiga kwa simu iliyoshikwa sambamba nayo. Ipigwe pande zote mbili, kwa kuwa nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio, tarehe, au maneno ya salamu. Albamu zenye kurasa za gundi, zilizopendwa sana miaka ya 1980 na 1990, huzibadilisha picha kuwa za manjano. Zinazogoma kutoka hukatwa kwa uzi wa kusafishia meno unaopitishwa taratibu chini yake.

Kisha ni majina. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na picha ya mkutano wa ukoo uliofanyika Matombo miaka hamsini iliyopita inaonyesha mjomba yupi alikaa wapi, na nani alisimama nyuma ya nani. Mara nyingi aliyebaki akiwajua wote ni bibi mmoja. Kijana akae naye, amwonyeshe picha moja moja kwenye kioo kikubwa, na amrekodi kwa simu anapozungumza. Sauti hiyo ihifadhiwe katika folda moja na picha. Majina yaandikwe kwenye faili, na kwenye picha ya karatasi yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya na kutokea usoni baada ya miaka michache.